Kazi ya Leo na Tumaini la Mbele

Somo la mwezi huu tumelitoa katika Yeremia 29:1-14. Tunaomba kila nyumba isome mistari hiyo kwanza, kwa sauti, watoto wakiwapo, ndipo muendelee na somo hili. Mkipata nafasi someni pia sura ya 28, kwa maana sura hizo mbili zinajibizana.

Tumechagua somo hili kwa sababu ya maneno tunayoyasikia kila siku hapa Nakivale, kwenye bomba la maji, kwenye foleni ya mgao, hata nje ya kanisa baada ya ibada. "Hapa tunapita tu." "Nitaanza maisha nikifika." "Hii si kazi, ni kusukuma siku." Na sisi tunaoandika tumeyasema. Kati yetu wako waliokuwa walimu, wauguzi, makarani na wafanyabiashara kule Bukavu, Uvira, Goma na Bujumbura. Leo wanalima maharage kwenye kiwanja kidogo, au wanakaanga mandazi kando ya barabara. Moyoni wana lengo kubwa: kurudi nyumbani kwa amani, au kupelekwa nchi ya tatu, au kumfikisha mtoto chuo kikuu. Lengo liko mbali, na kazi ya leo ni ndogo.

Basi swali letu ni hili: Je, mtu anaweza kupata furaha ya kweli katika kazi ya leo bila kuliacha lengo lake la mbali? Au ni lazima achague moja?

1. BARUA ILIYOANDIKWA KWA WAKIMBIZI

Mwaka 597 K.K. Nebukadneza mfalme wa Babeli aliuzingira Yerusalemu, akamchukua mfalme Yekonia na maelfu ya watu. 2 Wafalme 24:14-16 inatuambia kwamba kati yao walikuwamo mafundi na wahunzi 1,000. Nebukadneza alijua thamani ya mikono ya watu. Aliutaka Yerusalemu ubaki bila mtu wa kufua silaha wala kujenga ngome, na mikono ile ifanye kazi kwake. Kwa hiyo watu walioipokea barua ya Yeremia hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa watu wenye ujuzi, ambao sasa waliishi katika nchi ya mgeni, wakisikia lugha wasiyoielewa.

Wakati huohuo alitokea nabii mmoja, jina lake Hanania (Yeremia 28). Alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba baada ya miaka miwili tu mambo yote yatarudi kama zamani: vyombo vya hekalu, mfalme Yekonia, na mateka wote. Aliivunja hata nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, ili watu waone na kuamini. Tunaweza kufikiri jinsi habari hiyo ilivyopokelewa. Nani asingeipenda? Lakini Bwana hakumtuma, na Hanania akafa mwaka uleule.

Yeremia aliandika jambo lingine kabisa. Aliwaambia mateka wajenge nyumba na kukaa ndani yake. Wapande bustani na kula matunda yake. Waoe na kuozesha, wazae, waongezeke. Wautafute usalama wa mji walimo, na kuuombea kwa Bwana. Kisha katika mstari wa 10 akataja muda: miaka 70.

Angalieni jambo moja ambalo ni rahisi kulipita. Miti ya matunda haizai kwa haraka. Watu wale walilelewa katika sheria ya Musa, na Walawi 19:23-25 iliwafundisha kwamba watakapopanda mti wa chakula katika nchi yao, miaka mitatu wasile matunda yake, mwaka wa nne matunda yawe matakatifu kwa Bwana, na mwaka wa tano ndipo wale. Mtu aliyelelewa hivyo, akiambiwa apande na ale matunda, anaelewa mara moja kwamba haambiwi habari ya miaka miwili. Ule mche mdogo ulikuwa jibu kwa Hanania. Kila aliyechimba shimo la mti kule Babeli alikuwa anakiri kwa mikono yake kwamba safari ni ndefu, na kwamba Mungu yuko hata katikati ya safari.

Je, walitii? Viko vibao vya udongo kutoka Babeli, zaidi ya 100, ambavyo wataalamu walivichapisha mwaka 2014. Vingi vinataja mahali palipoitwa Al-Yahudu, maana yake mji wa Yuda. Vinaonyesha watu wa Yuda wakilima mashamba, wakikodi ardhi, wakilipa kodi, wakikopeshana shayiri na tende. Kibao cha zamani kuliko vyote ni cha mwaka 572 K.K., kiasi cha miaka 15 tu baada ya Yerusalemu kuanguka. Basi watu wale walishika majembe. Hawakukaa juu ya mizigo iliyofungwa.

2. MSTARI TUNAOUPENDA NA MISTARI TUNAYOIRUKA

Hakuna mstari unaopendwa katika kambi zetu kama Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani na tumaini la siku za mwisho. Tumeuona umeandikwa juu ya milango na juu ya pikipiki za boda boda. Ni mstari mzuri na ni wa kweli. Lakini unakuja baada ya mstari wa 10, na mstari wa 10 unakuja baada ya mistari ya 5 hadi 7. Tumaini la mbele limeandikwa katika barua moja na jembe, nyumba na bustani. Tukichukua tumaini na kuliacha jembe, tumeichana barua katikati.

Tuseme ukweli mwingine ulio mzito. Miaka 70 ni mingi. Wengi walioisikia barua ile ikisomwa walikufa Babeli. Mtu wa miaka 40 hakutazamia kuuona Yerusalemu tena. Je, Mungu alimdanganya? Hapana. Alimpa vitu viwili: kazi ya kufanya leo kwa furaha, na tumaini kubwa kuliko umri wake, tumaini ambalo watoto wake wangelipokea. Koreshi alipoitwaa Babeli mwaka 539 K.K. na kuwaruhusu watu warudi, walirudi 42,360 pamoja na watumishi wao (Ezra 2:64-65). Walipofika, wakuu wa jamaa walitoa dhahabu na fedha za kujenga nyumba ya Bwana, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake (Ezra 2:68-69). Uwezo huo waliupata wapi? Majirani waliwasaidia, kama Ezra 1:6 inavyosema. Lakini watu waliotoka mikono mitupu miaka mingi nyuma walikuwa na cha kutoa kwa sababu pia wao na wazazi wao walifanya kazi ugenini.

Sisi hapa tunalijua jambo hili. Makazi ya Nakivale yalianza kupokea wakimbizi mwaka 1958, na yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Ni zaidi ya miaka 60. Wako watu waliozaliwa hapa na sasa wana wajukuu. Waliotuambia siku ya kwanza kwamba ni miezi michache tu walitutakia mema, lakini hawakutusaidia.

3. FAMILIA ILIYOUZA KILA KITU

Tunawaletea habari ya familia moja ya jirani, kwa ruhusa yao, bila kutaja majina. Baba, mama na watoto wanne. Walikuwa wamengoja miaka tisa kwenda Marekani. Mahojiano yakaisha, vipimo vya hospitali vikaisha, tarehe ya ndege ikatolewa. Wakauza mabati, wakauza mbuzi watatu, na mama akaiuza cherehani aliyoinunua kwa fedha ya likelemba. Kiwanja chao hawakukilima msimu ule, maana nani hupanda shamba ambalo hatalivuna?

Mwezi wa kwanza mwaka 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Ndege ikafutwa. Familia ile ikabaki na masanduku sita na nyumba isiyo na bati. Na mwaka uleule mgao wa chakula ukapunguzwa, wengine wakaondolewa kabisa kwenye orodha.

Mama yule alikaa majuma sita ndani. Hakuja kanisani. Wazee wa kanisa walikwenda kumwona na hawakuwa na neno la kusema, wakakaa naye tu. Siku moja mtoto wa jirani aliletwa na bibi yake, sare yake ya shule imechanika begani.

Bibi akasema, "Mama, nisaidie. Kesho mtoto anarudi shule."

Akamjibu, "Bibi, mimi sina cherehani tena. Niliiuza."

Bibi akamwambia, "Cherehani uliiuza, mwanangu, lakini mikono hukuiuza."

Akatafuta sindano, akaishona ile sare kwa mkono mpaka jua likazama. Bibi alimletea fungu la sombe. Mama yule alitushuhudia akisema, "Usiku ule nilipata usingizi kwa mara ya kwanza. Hakuna kilichobadilika kwenye kesi yetu. Lakini mtoto mmoja angekwenda shule amevaa vizuri, na ni mimi niliyefanya." Kabla shule hazijafunguliwa kwa muhula wa pili, alikuwa anakodi cherehani ya dada mmoja siku tatu kwa juma. Baba naye alirudi shambani mvua za mwezi wa tisa zilipoanza.

Bado wanangoja. Masanduku yako pale juu ya dari. Hawakuacha lengo lao, na hatuwaambii waliache. Ila sasa wanangoja wakiwa wamesimama shambani.

Je, walikosea kujiandaa na safari? Hapana, hata sisi tungejiandaa. Funzo tunalolipata ni jingine: walipoweka maisha yote juu ya tarehe moja iliyokuwa mikononi mwa watu wengine, tarehe ilipofutika, maisha nayo yakaonekana yamefutika. Mshono mmoja tu wa begani ulimwonyesha mama yule kwamba hayajafutika.

4. AKILA NA PRISILA: WALIOFUKUZWA WAKASHONA MAHEMA

Agano Jipya linatupa mume na mke waliokuwa katika hali kama yetu. Matendo 18:1-3 inasema Akila na mkewe Prisila walikuwa wametoka Italia hivi karibuni, kwa sababu Kaisari Klaudio alikuwa ameamuru Wayahudi wote watoke Rumi. Hiyo ilikuwa yapata mwaka 49 B.K. Walifika Korintho wakiwa wamefukuzwa. Wakafanya nini? Wakashona mahema, kazi waliyoijua. Sisi tulioishi chini ya turubai tunajua hema ni nini kwa mtu asiye na nyumba.

Paulo alipofika Korintho alikaa kwao akafanya kazi pamoja nao, kwa sababu ufundi wao ulikuwa mmoja. Mtume yule alikuwa na lengo kubwa, kupeleka Injili hata Rumi na kuipita Rumi hadi Hispania (Warumi 15:24). Lakini alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita (Matendo 18:11), na sehemu ya muda huo alishika sindano na kitambaa. Hatusomi popote kwamba aliiona kazi ile kuwa ni siku zilizopotea. Kinyume chake, aliwakumbusha wazee wa Efeso kwamba mikono yake mwenyewe ilimtumikia yeye na wale aliokuwa nao (Matendo 20:34).

Fuateni habari ya Akila na Prisila mpaka mwisho. Walikwenda Efeso, wakamchukua Apolo, mhubiri hodari, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26). Kanisa likakutana katika nyumba yao huko (1 Wakorintho 16:19). Klaudio alikufa mwaka 54 B.K., na Paulo alipoandika Waraka kwa Warumi, Akila na Prisila walikuwa wamerudi Rumi, na kanisa linakutana nyumbani kwao tena (Warumi 16:3-5). Walirudi walikotoka. Lakini kama wangengoja kurudi ndipo waanze kumtumikia Mungu, Korintho na Efeso zingekosa nini? Na Paulo angekaa kwa nani?

5. NAMNA YA KUSHIKA VYOTE VIWILI

Sasa tuje kwenye matendo. Tunatoa mambo manne ambayo tumeyajaribu katika nyumba zetu wenyewe.

(a) Panda vitu vya muda mbalimbali. Mkulima mwenye akili hapandi kitu kimoja. Lengalenga unalichuma baada ya majuma matatu au manne. Maharage yanataka miezi mitatu hivi. Muhogo unataka karibu mwaka. Mparachichi uliopandikizwa unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Ukipanda parachichi peke yake, utakufa njaa kabla haujazaa. Ukipanda lengalenga peke yake, baada ya miaka mitano utakuwa palepale. Anayekula lengalenga leo ndiye mwenye nguvu ya kumwagilia mparachichi.

Malengo ya maisha ni hivyohivyo. Chukueni karatasi, muandike mistari minne: juma hili, msimu huu, mwaka huu, miaka mitano ijayo. Tuseme binti yenu anataka kuwa muuguzi. Miaka mitano: awe katika chuo cha uuguzi. Mwaka huu: amalize kidato chake, na kama ana cheti cha Kongo au Burundi aulizie namna ya kukilinganisha na vyeti vya hapa. Msimu huu: familia itenge debe moja la maharage kwa ajili ya karo. Juma hili: ajifunze maneno kumi ya Kiingereza ya mwili wa mtu, na amtembelee mgonjwa mmoja amchotee maji. Mkiona mstari wa "juma hili" uko mtupu, jueni kwamba lengo hilo bado ni ndoto tu. Na mkiona mstari wa miaka mitano uko mtupu, ombeni Mungu awape tena ujasiri wa kutazama mbali.

(b) Tenganisha yaliyo mkononi mwako na yasiyo mkononi mwako. Kibali cha nchi nyingine, amani ya Kivu, uamuzi wa ofisi, hayo tunayaombea na kuyafuatilia, lakini hayako mikononi mwetu. Kulima, kujifunza lugha, kuweka akiba ya kikundi, kumfundisha mtoto kusoma, hayo yako mikononi mwetu. Kwa sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 tuna haki ya kufanya kazi. Ndugu zetu katika nchi nyingine hawana nafasi hiyo. Ni neema, tuitumie.

Hapa tuonye pia. Akina Hanania wako hata leo. Anakuja mtu usiku, anasema ana ndugu ofisini, ukimpa fedha atakuingiza kwenye orodha. Wapendwa, huduma za wakimbizi haziuzwi. Usiuze mbuzi wako kununua tumaini la uongo. Mbuzi ni kazi ya mikono yako, na tumaini letu tumepewa bure.

(c) Fanya kazi ya leo kwa ajili ya mtu, si kwa ajili ya siku kuisha. Mungu alimweka Adamu bustanini ailime na kuitunza kabla ya dhambi kuingia (Mwanzo 2:15). Kazi si laana, iliyolaaniwa ni ardhi, na jasho likaongezeka. Kule jangwani, watu wakiwa wanakaa katika mahema na hawajaiona Kanaani, Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake ili afanye kazi ya dhahabu, ya mawe na ya mbao (Kutoka 31:1-5). Hakungoja wafike. Roho wa Mungu alikuwa katika ufundi wa mikono, safarini.

Kwa hiyo jioni, kabla ya sala ya nyumbani, tumezoea kuulizana swali moja: "Leo mikono yangu imemfaidia nani?" Mmoja anasema, nimechota maji ya mzee. Mwingine anasema, chapati zangu zimewashibisha wanafunzi. Mtoto anasema, nimemfundisha mdogo wangu kuhesabu. Mara nyingine mtu ananyamaza, na hapo tunajua ni nani wa kuombewa usiku huo. Mazoea haya hayaongezi shilingi hata moja, lakini yameondoa neno "kusukuma siku" katika nyumba zetu.

(d) Weka hati yako katika chombo cha udongo. Katika Yeremia 32, Yerusalemu umezingirwa, naye Yeremia amefungwa katika ukumbi wa walinzi. Binamu yake Hanameli anamjia, anamwomba anunue shamba la Anathothi. Yeremia analinunua kwa shekeli 17 za fedha, anatia sahihi mbele ya mashahidi, kisha anamwambia Baruku aziweke hati katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Yeremia huyuhuyu aliyewaambia mateka wajenge Babeli ndiye anayenunua shamba nyumbani. Hakuona kwamba mambo hayo mawili yanapingana. Nasi tutunze vyeti vya shule, vya kuzaliwa na vya ndoa vizuri. Tuwafundishe watoto lugha ya nyumbani na majina ya milima na mito ya kwao. Kulima hapa si kusahau kule.

6. KURIDHIKA SI KUNYAMAZA

Tunajua wako watakaosoma somo hili wakasema, "Mnatuambia turidhike na njaa." Hapana, ndugu. Paulo aliandika kwamba amejifunza kuwa radhi katika hali yoyote (Wafilipi 4:11-12), lakini aliyaandika hayo akiwa kifungoni, na katika barua hiyohiyo aliwashukuru Wafilipi kwa msaada waliomtumia. Kuridhika kwake hakukumzuia kusema kwamba alikuwa na shida. Na Yakobo 5:4 inasema ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio chao kimemfikia Bwana. Anayemlimisha mkimbizi siku nzima kisha akamlipa nusu ya waliyopatana, asitumie somo hili kumnyamazisha. Dada anayeombwa jambo la aibu ili apate kazi, asifikiri kwamba huo ndio mzigo wake wa kuvumilia. Njooni kwa wazee wa kanisa na kwa akina mama viongozi, tutakwenda pamoja mahali panapohusika.

Wako pia wagonjwa na wazee wasioweza kushika jembe. Thamani yenu haiko katika jembe. Mzee anayemsimulia mtoto habari za kwao, bibi anayeiombea jumuiya alfajiri, hao nao wanautafuta usalama wa mji. Yeremia aliweka sala ndani ya barua ileile ya nyumba na bustani.

Na kuna siku ambazo kazi ya leo haitatupa furaha yoyote. Mvua inakataa, mandazi hayanunuliwi, simu kutoka nyumbani inaleta habari ya msiba. Siku kama hizo tusijilaumu kwamba imani yetu ni ndogo. Watu wa Mungu walilia kando ya maji ya Babeli, na kesho yake wakaenda shambani. Machozi na jembe vilikaa katika nyumba moja.

Wapendwa, hatujui ni nani kati yetu atarudi, nani atasafiri, nani atazeeka hapa. Tunajua kwamba kesho asubuhi kutakuwa na shamba, moto wa kuwasha, mtoto wa kuandaa kwenda shule, na jirani. Mungu tunayemtazamia mbele yupo pia hapo asubuhi.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Ni kazi gani unayoifanya sasa ambayo umekuwa ukiidharau? Ni nani angepata hasara kama ungeiacha?

2. Kwa nini watu walimpenda Hanania kuliko Yeremia? Sisi tunamsikiliza nani?

3. Kila mmoja aandike mistari minne: juma hili, msimu huu, mwaka huu, miaka mitano. Wasioandika wasaidiwe na watoto.

4. Ni mambo gani ya nyumbani ambayo tumeweka "katika chombo cha udongo" kwa ajili ya watoto wetu? Ni yapi tunakaribia kuyapoteza?

5. Katika jumuiya yetu kuna mtu aliyefungiwa ndani na kukata tamaa? Nani atampelekea "sare ya kushona" juma hili?

TUOMBE

Baba yetu, wewe unaijua njia tuliyopita na ile iliyobaki. Utupe mkate wa leo na kazi ya leo. Ubariki mikono yetu katika nchi hii, na uwabariki wenyeji waliotupa mahali pa kulima. Uwakumbuke wanaongoja majibu, uwakumbuke waliobaki nyumbani katika vita. Utufundishe kupanda tusichokiona bado, na kushukuru kwa kilichoota. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki. Mwezi ujao, Bwana akipenda, tutajifunza habari ya Ruthu, mgeni aliyeokota masazo katika shamba la Boazi.